Sensa za nano zinanusa molekuli sita, mbona zilizo mikononi mwa watu ni za sukari tu?

#1 Mwanakemia Mchanga
Wakuu, salaam. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya pili, kazi yangu ni sensa za kibayolojia za kielektrokemia. Kwa asiyejua: unachukua elektrodi, unaibandika kitu kinachotambua shabaha moja tu (kimeng'enya, kingamwili au uzi mfupi wa DNA), kisha unasoma mkondo wa umeme. Katikati unaweka vifaa nano, yaani vya ukubwa wa nanomita (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita): chembe za dhahabu, mirija nano ya kaboni, grafini (tabaka la kaboni la unene wa atomi moja) na ndugu zao.

Nimesoma makala za kitaalamu mpaka macho yanauma. Kila moja inajisifia kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho sensa inaweza kukitambua: pikomola, femtomola, sasa wamefika atomola (kila hatua ni ndogo mara elfu kuliko iliyotangulia). Usiku mmoja nikapiga hesabu. Atomola moja ndani ya tone la mikrolita 10 ni molekuli sita. Sita! Halafu nikiangalia watu wanatumia nini kila siku naona kipimo cha sukari peke yake, na wazo lake ni la mwaka 1962.

Hoja yangu: vifaa nano kwenye sensa hizi ni pambo. Nipingeni.

#2 Mtazamaji wa Kando
Yaani umesota miaka yote hiyo uje kutuambia kazi yako ni pambo? Msimamizi wako yumo humu?

#3 Mzee Ampea
Kijana, anza na historia. Clark na Lyons mwaka 1962 waliweka glukosi oksidesi, kimeng'enya kinachokula glukosi, mbele ya elektrodi, wakapima haidrojeni peroksaidi inayotoka kimeng'enya kinapoila glukosi. Peroksaidi unaichoma, yaani unaivua elektroni, kwenye platini kwa volti 0.6 hadi 0.7. Shida ni kwamba kwenye volti hizo vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli nazo zinachomeka, zinaongeza mkondo usio wa sukari. Mwaka 1984 wakaja na ferosini, mpagazi anayechukua elektroni kwenye kimeng'enya na kuzifikisha kwenye elektrodi kwa volti ndogo zaidi. Mwaka 1987 kikaingia sokoni kipimo chenye umbo la kalamu. Humo mote hamna nano. Palikuwa na kemia safi tu.

#4 Mhakiki
Mzee #3, sahihisho dogo. Clark na Lyons walisoma oksijeni inavyopungua, si peroksaidi. Kusoma peroksaidi kwa ajili ya glukosi ni Guilbault na Lubrano, 1973. Mengine uko sawa.

#5 Mzee Ampea
Nimekubali. Uzee huu.

#6 fundi_saketi
Mimi ni mtu wa vyombo, natengeneza potenshiostati (vyombo vya kuipa elektrodi volti na kusoma mkondo) ndogo za kubeba mkononi. Kwangu jibu ni jepesi: nano inaongeza eneo la uso. Elektrodi ya milimita tatu ukiipaka mirija ya kaboni, uso wake halisi unakuwa mkubwa mara nyingi kuliko unaouona kwa macho. Uso mkubwa, vimeng'enya vingi, mkondo mkubwa. Pambo liko wapi hapo?

#7 BintiElektroni
Fundi, hapo ndipo wengi wanapojikwaa, na mimi nilijikwaa miaka miwili.

Molekuli zinazoelea kwenye maji zinaifikia elektrodi kwa kusambaa. Ndani ya sekunde moja, tabaka ambalo limeshanyonywa mbele ya elektrodi lina unene wa makumi ya mikromita. Vinundu vyako vya nano vina urefu gani? Nanomita mia, tuseme. Ukiwa umesimama kilimani, nyasi za uwanjani huzioni, unaona uwanja umelala tambarare. Molekuli nazo zinaiona elektrodi yako hivyo hivyo: tambarare. Mkondo wa kilele wa kitu kinachosambaa kwa uhuru na kubadilishana elektroni haraka unafuata eneo la kawaida, lile unalopima kwa rula.

Kinachoongezeka kweli ni mkondo wa kuchaji, ule wa uso wenyewe kujaa na kumwaga chaji kama kapasita. Huo unafuata uso halisi, vinundu na vyote. Kwa hiyo kelele inapanda, ishara inabaki pale pale.

#8 fundi_saketi
Sasa mbona grafu zao zinaonyesha kilele kikipanda na kusogea kwenye volti ndogo? Zote za uongo?

#9 BintiElektroni
Si uongo, ila tafsiri ndiyo yenye mgogoro. Utando wa mirija una vinyweleo, na maji ya sampuli yananasa humo. Molekuli zilizonaswa hazihitaji kusafiri, zinachomwa papo hapo kama zimo kwenye chumba chembamba. Hilo peke yake linasogeza kilele na kukikuza. Ukiliita "uchochezi wa nano" umelipa sifa isiyo yake. Kundi la Compton kule Oxford limeandika mengi juu ya hili.

Na nisieleweke vibaya: kama kimeng'enya au kingamwili kimefungwa kwenye uso wenyewe, hapo Fundi ana hoja. Uso mkubwa unabeba vingi zaidi.

#10 Kitendawili
Mnazunguka kichaka. Siri ya nano si eneo, ni waya.

Ndani ya glukosi oksidesi, sehemu inayoshika elektroni inaitwa FAD, na imefukiwa katikati ya protini, takriban nanomita moja na nusu kutoka nje. Umbali huo elektroni inauruka kwa shida mno. Ndiyo maana Mzee Ampea anahitaji mpagazi wake. Sasa mwaka 2003 kundi la Willner lilichukua chembe ya dhahabu ya nanomita 1.4, likaifunga FAD juu yake, kisha likaijengea kimeng'enya kilichotolewa FAD yake ya asili. Kimeng'enya kikachomekwa kama plagi. Kasi ikafika elektroni kama 5,000 kwa sekunde, wakati oksijeni, mshirika wake wa kuzaliwa, inapokea kama 700. Haya, niambieni hilo nalo ni pambo.

#11 Mwanakemia Mchanga
Mkuu #10, hiyo naijua na ni kazi ya heshima. Ila mimi natumbukiza tu mirija ya kaboni na glukosi oksidesi ya kawaida, napata vilele viwili vizuri karibu na volti −0.45. Makala zinaniambia hizo ni elektroni zinazopita moja kwa moja kutoka kwenye kimeng'enya. Nimeandika hivyo kwenye sura ya tatu.

#12 Mhakiki
Usiichapishe hiyo sura bado.

Bartlett na Al-Lolage mwaka 2018 walipitia madai hayo moja baada ya jingine, hitimisho lao likawa kali: hakuna ushahidi kwamba glukosi oksidesi ya asili inapeleka elektroni moja kwa moja kwenye mirija ya kaboni wala grafini. Vile vilele vinaelezeka vizuri kwa FAD iliyochomoka kwenye kimeng'enya na kujigandisha kwenye kaboni. FAD peke yake haili glukosi. Jaribu hivi: ondoa oksijeni yote, ongeza glukosi, uone kama mkondo wa kuchoma unapanda. Usipopanda, ulichonacho ni FAD iliyokwama.

Ya Willner ni habari nyingine kwa sababu kimeng'enya kilijengwa upya juu ya chembe. Msiyachanganye.

#13 Mwanakemia Mchanga
Mkuu Mhakiki umeniharibia wikiendi. Asante lakini.

#14 Nesi wa Zamu
Naomba niwatoe maabara kidogo. Ninyi mnagombania femtomola, sisi wodini tunagombana na sukari tu, ambayo iko kwenye milimola. Niliwahi kuwa na mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, mashine ya mkononi inasema sukari iko juu, maabara kuu inasema kawaida. Tungemchoma insulini kwa kuifuata mashine, tungemshusha vibaya. Mwingine alikuwa anapewa vitamini C nyingi kwa mshipa, mashine ikapaa vilevile. Mkiweza kutibu hayo mawili, hizo molekuli sita bakini nazo.

#15 Mzee Ampea
Dada Nesi ametaja jambo kubwa. Seli nyekundu zikiwa chache, plazma inaingia kwenye stripu kwa wingi na glukosi inasambaa kwa wepesi, basi mashine inasoma juu. Seli zikizidi, inasoma chini. Mashine mpya nyingi zinapima na ukinzani wa damu ili kujirekebisha.

Kuna na kisa cha maltosi. Stripu zilizotumia kimeng'enya kiitwacho GDH chenye PQQ zilikuwa hazitofautishi glukosi na maltosi, sukari nyingine. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa njia ya tumbo kwa maji yenye aikodekstrini, ambayo mwilini huvunjika kuwa maltosi, walikuwa na maltosi nyingi mwilini. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kuorodhesha vifo 13. Hakukuwa na shida ya kikomo cha ugunduzi hapo, mkondo ulikuwa wa kutosha. Kimeng'enya ndicho kilichoshindwa kuchagua.

#16 Tone la Damu
Samahani naingilia, mimi si mwanasayansi. Mama yangu ana kisukari. Juzi nilimpima kidole kimoja 8.6, kingine 7.8, dakika hiyo hiyo. Mashine ni mbovu?

#17 Nesi wa Zamu
Si lazima, mdogo wangu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya kweli kuanzia milimola 5.55 kwenda juu, na chini ya hapo ndani ya 0.83. Sukari ya kweli ikiwa 8.2, mashine ikisema 7.8 au 8.6 haijavunja sheria. Ila hakikisha mama amenawa na kukausha vidole, na stripu hazijapita muda wala kuachwa kopo wazi.

#18 Tone la Damu
Ahsante dada. Kopo lilikuwa wazi, kusema kweli.

#19 Mwanakemia Mchanga
Turudi. Kinachonitesa ni hiki: sensa yangu kwenye bafa safi ya fosfeti (maji ya chumvi yenye asidi isiyobadilika) ni malaika. Nikiiweka kwenye seramu (maji ya damu yaliyotolewa seli), ndani ya nusu saa imebaki na theluthi ya ishara. Makala nyingi zinamaliza tatizo kwa kuizimua seramu mara mia na kuandika "sampuli halisi".

#20 Nusu Volti
Hapo ndipo jibu la swali lako la #1 lilipo, wala si kwenye mirija. Damu ina protini gramu 60 hadi 80 kwa kila lita ya plazma. Ukitumbukiza uso wowote humo, albumini, protini iliyo nyingi zaidi humo, na wenzake wanaukalia ndani ya dakika. Kadiri uso ulivyo na vinundu vingi, ndivyo wanavyopata viti vingi vya kukaa. Kwa hiyo nano inaweza kukuumiza.

Lakini inaweza kukuokoa pia. Mwaka 2019 watafiti wa Wyss, taasisi ya Harvard, walitengeneza utando wa albumini ya ng'ombe iliyounganishwa kwa glutaraldehaidi, ndani yake nyaya nano za dhahabu. Albumini inafukuza protini nyingine, dhahabu inapitisha umeme. Baada ya mwezi mzima kwenye plazma isiyochujwa elektrodi ilibaki na asilimia 88 ya ishara. Bila nyaya hizo utando ungekuwa blanketi tu.

#21 Mtazamaji wa Kando
Kwa hiyo dawa ya kuzuia protini isikae kwenye elektrodi ni kuipaka protini. Sawa, mimi nasoma tu.

#22 Nusu Volti
Ndiyo, kiti kikishakaliwa hakikaliwi tena 😄

Halafu kuna ukuta mwingine kwa wale wanaosoma chaji, mfano transista za grafini. Chumvi ya damu inaificha chaji yoyote iliyo mbali na uso zaidi ya nanomita 0.7 au 0.8 hivi. Kingamwili lina urefu wa nanomita kumi na zaidi. Yaani shabaha yako imekamatwa juu ya mti na wewe unatazama mizizi. Ukizimua bafa mara mia, dirisha linapanuka hadi kama nanomita 7, ndiyo maana wanazimua. Ila hakuna anayezimua damu iliyo ndani ya mshipa.

#23 Hesabu Kwanza
Nami nitie langu. Mwanakemia umetaja molekuli sita ukaishia hapo. Endelea. Wastani ukiwa sita, kwa bahati tu tone moja litakuwa na nne, jingine nane. Mtawanyiko wake ni kipeuo cha pili cha sita, karibu 2.4, yaani asilimia 40. Anayechora mstari mnyoofu mpaka hapo na vijiti vya makosa vya asilimia tatu, mwulizeni tone lake alilipata wapi.

Pili, hizo sita zinaifikaje elektrodi? Sheehan na Whitman waliandika mwaka 2005 kwamba sensa ndogo ikingoja femtomola zifike kwa kusambaa tu, inangoja masaa hadi siku. Kuifanya sensa iwe nano zaidi kunaongeza kungoja, maana sensa yenyewe inakuwa ndogo zaidi kugongwa na molekuli. Wanaofanikiwa wanazivua molekuli kwanza, kwa mfano kwa shanga za sumaku kwenye ujazo mkubwa, ndipo wanazileta kwenye elektrodi. Sifa apewe mvuvi, nano hana lake hapo.

#24 Kitendawili
Na shanga za sumaku zina nini ndani? Chembe nano za oksaidi ya chuma. Hahaha. Nano imerudi kwa mlango wa nyuma.

#25 Hesabu Kwanza
Umenipata moja.

#26 Muuza Vipimo Mstaafu
Hodi. Nyote mmemwachia Mwanakemia dai lake la "sukari peke yake" lipite bure. Si kweli. Laktati ipo, ketoni zipo. Kuna i-STAT, kifaa cha mkononi chenye katriji, kinasoma sodiamu, potasiamu, kreatinini, na troponini I (protini ya moyo inayovuja kwenye damu moyo ukiumia) pia, kwa kingamwili na kimeng'enya kinachotoa kitu cha kuchomwa kwenye elektrodi. Hiyo ni sensa ya kielektrokemia kabisa.

Na pimeni ugumu wake. Sukari kwenye damu ni kama milimola 5. Kiwango cha juu cha kawaida cha troponini T ni karibu nanogramu 14 kwa lita, ambayo ni chini ya nusu pikomola. Tofauti ni mara bilioni kumi na zaidi. Stripu ya sukari ya nusu mikrolita ina molekuli za glukosi zaidi ya milioni bilioni moja, na kila kimeng'enya kinapokea mteja baada ya mteja, mamia kwa sekunde. Kingamwili linakamata moja, linakaa nalo. Sukari ilitangulia sokoni kwa sababu hiyo, na kwa sababu mgonjwa anaipima mara kadhaa kila siku. Nani anapima troponini nyumbani kabla ya kulala?

#27 Mwanakemia Mchanga
Mkuu #26 nakubali "peke yake" niliiongeza chumvi. Lakini elektrodi za i-STAT ni za metali iliyotandazwa kwa teknolojia ya chipu, hazina mirija wala grafini. Hoja yangu bado imesimama.

#28 Muuza Vipimo Mstaafu
Imesimama kwa mguu mmoja.

#29 fundi_saketi
Nakubaliana na nusu ya nusu ya kila mtu. Kwangu kikwazo ni kiwanda. Chukueni elektrodi kumi, kila moja idondosheeni tone la mirija kwa pipeti mliache likauke. Mirija inakimbilia ukingoni, inabaki pete, katikati kweupe. Nilishapimiwa elektrodi kumi za hivyo na mwanafunzi mmoja, mbili tu zilifanana. Stripu za sukari zinatengenezwa kwa mamilioni, na kundi zima linasawazishwa kwa msimbo mmoja. Huwezi kumpa mgonjwa stripu ambayo kila moja inataka kusawazishwa kivyake.

Na msisahau elektrodi rejea, ile ambayo volti zote zinapimwa kwa kuilinganisha nayo. Kwenye zile za kuchapa, fedha na kloridi ya fedha vinagusana na sampuli moja kwa moja. Kloridi ikipungua mara kumi, volti inahama kama milivolti 59. Mtu anazimua sampuli yake mara kumi kwa maji matupu, kilele kinasogea, anaandika "athari ya nano". Nimeyaona kwa macho.

#30 Mtazamaji wa Kando
Nimekumbuka kitu. Si kuna watu walichanganya grafini na kinyesi cha ndege ikawa bora zaidi? Au nilikuwa naota?

#31 Mhakiki
Hukuota. Prague, 2020, kundi la Pumera. Walikuwa wanawakejeli wanaoongeza elementi moja moja kwenye grafini na kutangaza ushindi kila mara. Wakachukua kinyesi cha ndege, ambacho kina naitrojeni, fosforasi na salfa kwa pamoja, na grafini yao ikachochea vizuri kuliko isiyochanganywa. Ila weka sawa: walipima utoaji wa haidrojeni na upunguzaji wa oksijeni. Haikuwa sensa.

#32 Mtazamaji wa Kando
Mwanakemia, sura ya nne hiyo.

#33 BintiElektroni
Mnacheka, lakini kipo cha sensa kinachofanana na hicho. Mirija ya kaboni inakuzwa kwa vichocheo vya metali na mabaki yake hayatoki yote. Mwaka 2006 Šljukić, Banks na Compton walionyesha kwamba kwenye elektrodi za mirija ya tabaka nyingi, kinachoisoma peroksaidi ni chembe za oksaidi ya chuma zilizosalia, kaboni yenyewe haina kazi hiyo. Sasa fikirini sensa ngapi za glukosi zinategemea peroksaidi. Mtu anasifia mrija, kumbe anayefanya kazi ni kutu.

#34 Kitendawili
Kutu ya nano lakini. Oksaidi ya chuma yenye ukubwa wa nanomita kadhaa. Mnanisaidia bila kujua.

#35 BintiElektroni
Kwa mtindo wako huo hata vumbi la dirishani ni nanoteknolojia.

#36 Shangazi wa Kipimo
Mbona hamtaji kipimo cha mimba? Ule mstari mwekundu ni chembe nano za dhahabu, duniani kote, miaka mingi sasa. Nano ilishaingia chumbani kabla hamjaanza mjadala.

#37 Mhakiki
Shangazi uko sahihi kuhusu dhahabu, vipimo vingi vya aina hiyo vinaitumia. Ila pale dhahabu ni rangi ya kuonwa kwa jicho, hakuna mkondo unaosomwa. Uzi huu ni wa elektrodi.

#38 Shangazi wa Kipimo
Basi jibuni: kwa nini dhahabu ile ile ilifaulu kwenye karatasi ikakwama kwenye elektrodi?

#39 Nusu Volti
Swali zuri kuliko la #1. Jibu langu la haraka: kwenye karatasi unauliza "ndiyo au hapana", jicho linasamehe. Kwenye elektrodi unadai namba.

#40 fundi_saketi
Langu ni tofauti na la Nusu Volti: karatasi haidai dhahabu iguse chochote kwa umeme. Mgusano wa umeme ndio unaotofautiana kutoka stripu hadi stripu.

#41 Dirisha la Nano
Jamani na nanotundu je? Kusoma DNA kwa kuipitisha kwenye kitundu cha protini na kufuatilia mkondo wa ioni unavyozibwa. Kifaa cha MinION kilianza kutumiwa na watafiti 2014, kinakaa kiganjani. Umeme, baiolojia, nano. Vyote vitatu.

#42 Mzee Ampea
Hicho ni kitundu, si kifaa nano kilichopakwa kwenye elektrodi. Usitupanulie uwanja ili goli liwe rahisi.

#43 Dirisha la Nano
Mzee, "nano" ni kipimo cha urefu, si cheti cha kuzaliwa. Protini yenye tundu la nanomita moja hivi ni kifaa nano kuliko utando wa mirija wa mikromita kumi.

#44 Mzee Ampea
Nitalifikiria hilo.

#45 Mlezi wa Tasnifu
Nasimamia wanafunzi wa fani hii, nimekaa kimya tangu juzi. Wote mmetaja kemia na fizikia, hakuna aliyetaja wahariri. Mwanafunzi akileta sensa ya zamani inayofanya kazi kwenye damu nzima kwa miezi sita, anaambiwa "haina upya". Akileta grafini iliyovishwa dhahabu iliyovishwa polima iliyovishwa kitu kingine, anakubaliwa, hata kama aliipima siku tatu. Nami nimesaini kazi za aina hiyo, sijifichi. Kikomo cha ugunduzi ni rahisi kukishusha kwenye karatasi: unazidisha kelele ya bafa tupu mara tatu, unagawa kwa mteremko wa grafu, basi. Hakuna anayekulazimisha kukifikia kwa sampuli halisi.

#46 BintiElektroni
Mwalimu, heshima kwako kwa kusema. Ila tukibakia kwenye lawama ya wahariri hatutaeleza kwa nini hata kampuni zenye fedha, ambazo hazijali makala, nazo ziliziacha njia nyingi za nano.

#47 Mlezi wa Tasnifu
Hazikuziacha zote, nyingine hazisemi. Wino wa kaboni wa stripu nyingi una masizi ya viwandani ndani yake, na chembe za masizi zina makumi ya nanomita. Hakuna anayeliandika hilo kwenye kopo kwa maandishi makubwa.

#48 Mtazamaji wa Kando
Yaani tumezunguka dunia nzima tukarudi kwenye masizi ya sufuria.

#49 Mwanakemia Mchanga
Wakuu, ripoti fupi. Nimefuata ushauri. Elektrodi za aina nne, kila aina elektrodi tano: kaboni tupu, mirija kama ilivyonunuliwa, mirija iliyooshwa kwa asidi, na masizi.

Kwa peroksaidi: mirija ya kununuliwa inaongoza. Iliyooshwa imeshuka, lakini haikufika chini kwenye kaboni tupu. Masizi yako katikati, yakiwa na mtawanyiko mdogo kuliko zote. Jaribio la #12 pia nimelifanya, bila oksijeni, nikaongeza glukosi. Mkondo haukutikisika. Sura ya tatu naiandika upya.

#50 BintiElektroni
Iliyooshwa kushuka ni chuma. Nilisema.

#51 Kitendawili
Iliyooshwa kutofika chini ni mrija wenyewe. Nilisema.

#52 Mhakiki
Asidi huwa haimalizi chuma chote, kingine kimefunikwa na kaboni. Na asidi hiyo hiyo inaacha oksijeni kwenye kingo za mirija. Kwa hiyo hakuna kati yenu aliyesema kitu bado. Peleka mabaki yapimwe metali.

#53 fundi_saketi
Mimi nimependa mtawanyiko wa masizi. Umedondosha au umechapa?

#54 Mwanakemia Mchanga
Nimedondosha. Pete ipo hata kwenye masizi, nimeiona kwa hadubini.

#55 Nesi wa Zamu
Na damu? Hujasema damu.

#56 Mwanakemia Mchanga
Dada Nesi, aina zote nne ziko kwenye seramu isiyozimuliwa tangu jioni, nusu zimepakwa albumini na nusu hazijapakwa. Naenda kuzisoma saa kumi na mbili asubuhi.

#57 Nusu Volti
Umeweka na moja kwenye bafa tupu, muda ule ule, ya kulinganisha?

#58 Mwanakemia Mchanga
Navaa viatu, narudi maabara sasa hivi.